Haki za Mgonjwa Masama: Jinsi ya Kuandika Sera Itakayotekelezwa Zahanatini

Katika zahanati nyingi za Masama, mlimani Kilimanjaro, muuguzi anayekuchoma sindano ni mtu unayemfahamu. Mnasali usharika mmoja, watoto wenu wanasoma shule moja, na pengine kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha shemeji yake kinapakana na chako. Ukaribu huu ni neema mtoto anapopandisha homa usiku wa manane, kwa kuwa mlango mnaougonga ni wa mtu wa nyumbani. Lakini ukaribu huohuo hufunga midomo. Mama aliyefokewa akiwa na uchungu hasemi, kwa sababu wiki chache baadaye atarudi kwa muuguzi yuleyule na kadi ya kliniki ya mtoto. Mzee aliyeombwa fedha bila risiti hasemi, kwa sababu aliyemwomba ni mtoto wa ndugu yake.

Ndiyo maana kituo kidogo cha kijijini kinahitaji sera ya haki za mgonjwa iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko hata hospitali ya mjini. Pale hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa mingi, mgonjwa na daktari huenda wasionane tena maisha yao yote. Masama wataonana sokoni Kwa Sadala, wataonana msibani. Sera inayofaa hapa ni ile inayotaja kila haki pamoja na mtu wa kuitimiza, muda wa kuitimiza, na ulinzi wa yule atakayesema kwamba haikutimizwa. Ikikosa mambo hayo matatu, itabaki bango la ukutani.

Makala haya yanamlenga mganga mfawidhi, muuguzi mfawidhi na wajumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, kiwe cha serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi.

1. Anzeni na kilichokwisha kuandikwa

Msikae chini kubuni haki upya. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imeweka msingi: ibara ya 12 inatambua usawa na utu wa kila mtu, ibara ya 14 haki ya kuishi, na ibara ya 16 faragha. Wizara ya Afya inao Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaoeleza anachostahili mgonjwa na anachopaswa kufanya. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataja makundi ya msamaha wa malipo: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea, na wenye magonjwa kama kifua kikuu na VVU. Sheria ya kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya vipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee.

Majirani nao wamepita njia hii. Uganda ilitoa mkataba wake wa haki za wagonjwa mwaka 2009, na Kenya mwaka 2013. Nyaraka hizo zinafaa kusomwa, lakini si za kunakiliwa. Kazi yenu ni kuchukua ahadi za taifa na kuzishusha mpaka kwenye dirisha lenu la dawa, benchi lenu la kusubiria na chumba chenu cha kujifungulia.

2. Waiteni watakaobanwa na sera, na watakaolindwa nayo

Sera iliyoandikwa na mganga mfawidhi peke yake usiku mmoja itatekelezwa na yeye peke yake. Undeni kikosi cha watu saba au wanane: mganga mfawidhi, muuguzi au mkunga anayeshika zamu za usiku, mtoa dawa, mjumbe wa jamii kutoka kamati ya usimamizi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama aliyejifungua kituoni hapo karibuni, mzee anayehudhuria kliniki ya sukari au shinikizo la damu, na mtu mwenye ulemavu. Kama kituo kinahudumia pia tambarare ya Rundugai, hakikisheni wafugaji wana mtu wao kikosini, kwa maana shida ya anayetembea juani kutoka chini si shida ya anayeshuka kutoka ukingoni mwa msitu.

Mfano mzuri wa njia hii unatoka mkoani Tanga. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia walifanya kazi iliyoitwa Staha, kuhusu namna wanawake wanavyotendewa wakati wa kujifungua. Wananchi na watumishi wa afya walikaa pamoja wakaujadili mkataba wa huduma na kuufanya wa kwao, kisha watumishi wakatafuta marekebisho madogo yaliyo ndani ya uwezo wao, kama vile faragha ya mama wodini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba, ukilinganisha na mahali ambapo hatua hizo hazikuchukuliwa, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66. Fundisho lake ni kwamba mkataba ulipata nguvu kwa sababu waliouandika ndio waliokutana kila siku wodini.

3. Ifuateni njia ya mgonjwa kwa miguu

Kabla ya kuandika hata kifungu kimoja, kikosi kitembee kutoka lango la kituo mpaka mgonjwa anapoondoka. Simameni kila anaposimama yeye, mjiulize maswali manne: hapa anaona nini, anasikia nini, nani mwingine anamsikia, na akikwama anamwuliza nani?

Mtagundua mambo ambayo hayamo katika mwongozo wowote. Huenda mtu aliyekaa kwenye benchi la nje anasikia kila neno linalosemwa chumba cha daktari kwa sababu dirisha halina kioo. Huenda wanaochukua dawa za kufubaza VVU wana siku yao na mlango wao, kiasi kwamba kijiji kizima kinajua anayepita pale. Huenda mtumishi anamwita mgonjwa kwa sauti akisema, "Wewe wa rufaa ya Kibong'oto, njoo uchukue karatasi yako." Tangu enzi za Mwingereza, hospitali ile ya wilayani Siha inajulikana kwa kutibu kifua kikuu, hivyo kulitaja jina lake mbele ya watu ni sawa na kuutangaza ugonjwa.

Pimeni pia muda. Kwa wiki moja, andikeni saa ambayo kila mgonjwa amefika na saa aliyoonwa. Takwimu hiyo itawaepusha na ahadi za uongo. Kituo chenye tabibu mmoja hakiwezi kuahidi kwamba kila mtu ataonwa ndani ya nusu saa. Kinaweza kuahidi kwamba muuguzi atapita kwenye benchi kila saa kuwatambua walio mahututi, na kwamba tabibu akiitwa kwenye dharura, wanaosubiri wataambiwa.

4. Kila haki iwe na mtu, muda na mahali

Wazee wa mlimani waliendesha mifereji ya maji kwa kanuni za namna hii. Kila kaya ilijua zamu yake, nani anafungua maji, na nani wa kuendewa zamu ikiibwa. Andikeni sera yenu kwa mtindo huohuo. Badala ya "mgonjwa ana haki ya kuheshimiwa", andikeni kitendo kinachoonekana. Hii ni mifano ya vifungu:

*Dharura.* Mgonjwa wa dharura atahudumiwa kabla ya kuulizwa kadi, fedha au fomu ya polisi. Mwajibikaji: mtumishi wa zamu. Muda: mara anapofika.

*Utambulisho.* Kila mtumishi atavaa kitambulisho na kutaja jina lake na kazi yake kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwajibikaji: kila mtumishi, msimamizi ni muuguzi mfawidhi.

*Faragha.* Mazungumzo ya ugonjwa yatafanyika ndani, mlango ukiwa umefungwa. Mama anayejifungua atazungushiwa pazia muda wote. Mwajibikaji: muuguzi wa zamu.

*Dawa.* Dawa ikikosekana, mgonjwa ataandikiwa jina lake na kuambiwa mahali pa karibu anapoweza kuipata. Ubao wa dawa zilizokwisha utaandikwa upya kila asubuhi saa 2. Mwajibikaji: mtoa dawa.

*Malipo.* Bei zitabandikwa mapokezini. Hakuna malipo bila risiti. Mwajibikaji: mpokea fedha; mkaguzi ni kamati ya usimamizi, kila mwezi.

*Rufaa.* Mgonjwa na ndugu zake wataelezwa kwa nini anapelekwa hospitali nyingine, ataenda na nani, na usafiri ukoje. Kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini, mtumishi atapiga namba 115 ya usafiri wa dharura, ambayo haina malipo. Mwajibikaji: tabibu wa zamu.

Vifungu 12 mpaka 15 vinatosha. Sera ya kurasa 40 haisomwi na mtumishi, wala haitamfikia mgonjwa.

5. Yanayohitaji mjadala mrefu

*Siri na ndugu wa mbali.* Familia nyingi za Masama zina watoto Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, na ndio wanaotuma fedha za matibabu. Mtoto anapiga simu kituoni: "Mama yangu anaumwa nini? Mimi ndiye ninayelipa." Swali lake linatoka kwenye upendo, lakini kulipa hakumpi haki ya kujua. Sera iseme kwamba mgonjwa ataulizwa mapema anataka nani aelezwe hali yake, na majina hayo yataandikwa kwenye faili. Asiyetajwa ataombwa kwa upole azungumze na mgonjwa mwenyewe. Kifungu hiki kitamwokoa mtumishi hasa Desemba, familia zinaporudi mlimani na kila mjomba anataka maelezo. Kikataze pia kumpiga picha mgonjwa na kusambaza taarifa zake kwenye makundi ya simu, yakiwemo makundi ya watumishi wenyewe.

*Ridhaa na lugha.* Wapo bibi na babu wanaosema Kichagga cha huku tangu kuzaliwa, ambao Kiswahili cha hospitali kinawapita. Huko tambarare wapo wanaozungumza Kimaasai. Bibi akitikisa kichwa na kubonyeza dole gumba kwenye fomu, hajaridhia kitu kama hakuelewa. Sera iagize maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na mtumishi amwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoelezwa. Mkalimani awe mtu mzima aliyekubaliwa na mgonjwa. Mjukuu wa miaka 10 asibebeshwe mzigo wa kumtafsiria bibi yake habari za uzazi au za saratani. Iseme wazi pia kwamba mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa tiba baada ya kuelezwa madhara ya kukataa, na hatafukuzwa wala kutukanwa kwa ajili hiyo.

*Fedha.* Ongeeni bila kuficha juu ya msamaha. Nani anaamua kwamba mzee huyu hajiwezi? Anatakiwa kuleta nini kutoka kwa mtendaji wa kijiji? Atibiwe vipi siku aliyokuja bila barua? Andikeni kwamba atatibiwa kwanza, na barua itafuata. Kituo cha kanisa au cha binafsi kieleze ni huduma zipi zinaingia kwenye msamaha kulingana na makubaliano yake na halmashauri, ili mama asipande mpaka mlangoni ndipo ajue.

Fedha zinazaa pia jambo la kuwazuia watu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa walivunjiwa haki zao. Sera yenu iseme kwamba hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa atakayezuiliwa kwa ajili ya deni. Mtaandikiana namna ya kulipa kidogo kidogo. Vivyo hivyo kwa marehemu. Katika jamii inayozika kihambani, ukoo ukikusanyika kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa, kuushikilia mwili kwa ajili ya deni ni kuwaongezea wafiwa jeraha juu ya jeraha.

*Dharura na polisi.* Kijana wa bodaboda aliyegongwa kwenye barabara kuu, au mwanamke aliyepigwa au kubakwa, akifika kituoni anaweza kuulizwa PF3, fomu ya polisi. Fomu hiyo ni muhimu kwa ushahidi, lakini damu haisubiri karatasi. Sera iweke mpangilio: okoa uhai, hifadhi ushahidi, kisha msaidie kuipata fomu. Kwa aliyebakwa, saa zina uzito wa pekee, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72.

6. Njia ya malalamiko: hapa sera inasimama au inaanguka

Sanduku la maoni lililo mbele ya meza ya muuguzi, ambalo ufunguo wake anao mganga mfawidhi, halitapata barua hata moja. Lifanyieni mambo haya.

Liwekwe mahali ambapo mtu anaweza kutumbukiza karatasi bila kuonwa. Liwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwakilishi wa jamii kwenye kamati, mwingine kwa muuguzi mfawidhi. Lifunguliwe siku inayojulikana kila mwezi, mbele ya watu wasiopungua watatu. Kwa asiyeandika, pawe na namba ya simu ya mjumbe wa kamati na mtu aliyeteuliwa kupokea malalamiko kwa mdomo, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja.

Kila lalamiko liingizwe kwenye daftari lenye tarehe, kiini cha jambo, aliyepewa kulishughulikia, jibu na tarehe ya jibu. Ahidini kumjulisha mlalamikaji ndani ya siku 3 kwamba limepokelewa, na kumjibu ndani ya siku 14.

Kisha andikeni vifungu viwili ambavyo kijiji hakiwezi kuvikosa. Cha kwanza ni cha ndugu: mjumbe wa kamati aliye na undugu, unasaba au ugomvi na mlalamikaji au mlalamikiwa atakaa nje ya shauri hilo. Koo zetu ni kubwa na ndoa zimetuunganisha, kwa hiyo teueni wajumbe wa akiba mapema. Cha pili ni cha ulinzi: mtumishi atakayemcheleweshea, kumnyima huduma au kumsema vibaya mtu kwa sababu alilalamika atakuwa ametenda kosa la pili, litakalopelekwa moja kwa moja juu ya kituo.

Ngazi zenyewe zibandikwe ukutani. Lalamiko linaanza kwa mganga mfawidhi, linapanda kwa kamati ya usimamizi, kisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha mkoani. Anayelalamikiwa akiwa ni mganga mfawidhi mwenyewe, jambo liende moja kwa moja wilayani. Makosa ya kitaaluma yanapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Rushwa inaripotiwa TAKUKURU kwa namba 113. Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iko wazi kwa yeyote aliyevunjiwa haki.

7. Mgonjwa ana wajibu, na mtumishi ana haki

Wajibu wa mgonjwa uandikwe kwa lugha ya heshima: kueleza ukweli kuhusu ugonjwa wake na dawa anazotumia, zikiwemo za mitishamba, kutunza kadi, kufuata foleni, kutomtukana wala kumpiga mtumishi. Lakini sera iseme wazi kwamba kukosea wajibu hakumwondolei mtu haki ya kutibiwa.

Na mtumishi je? Mkunga anayeshika zamu ya usiku peke yake, taa ya simu mkononi, glovu zimebaki chache, anaweza kufoka hata kama moyo wake ni mwema. Kumwandikia kanuni bila kuuona mzigo wake ni kumwonea. Wekeni kifungu kinachompa haki ya kuripoti upungufu wa vifaa bila kuadhibiwa, haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, na kikao cha watumishi kila mwezi. Pongezi za wagonjwa nazo ziandikwe kwenye daftari na kusomwa mbele ya wenzake. Heshima kwa mgonjwa hudumu pale mtumishi naye anapoheshimiwa.

8. Ipitisheni, itangazeni, ipimeni

Rasimu ikiwa tayari, isomwe kwa sauti mbele ya watumishi wote, kisha kamati iipitishe na nakala iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Baada ya hapo ipelekeni kwa watu: mkutano mkuu wa kijiji, matangazo baada ya ibada kanisani na msikitini, vikundi vya VICOBA, kliniki ya mama na mtoto. Ukutani pakae ukurasa mmoja wenye herufi kubwa. Kila mtumishi mpya asaini kwamba ameisoma.

Mnapopima, jihadharini na jibu la mlangoni. Utafiti uliofanywa Tanga katika vituo 8 na kuchapishwa mwaka 2014 uliwauliza wanawake kama walitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Walipoulizwa wakiwa wanaondoka kituoni, asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, idadi ilifika asilimia 28. Mtu akiwa bado mikononi mwenu husema "nashukuru". Kwa hiyo, kila baada ya miezi mitatu, chagueni wagonjwa wachache waliorudi nyumbani, mkawaulize maswali mafupi: Ulielezwa ugonjwa wako ukaelewa? Kuna mtu asiyehusika aliyesikia habari zako? Uliombwa fedha bila risiti? Kuna mtu aliyekufokea au kukudharau? Anayeuliza awe mhudumu wa afya wa kitongoji kingine, na majina yasiandikwe.

Miezi ya kwanza malalamiko yataongezeka. Msiogope, wala msimlaumu mganga mfawidhi: maana yake watu wameanza kuamini kwamba watasikilizwa. Kinachopaswa kuwatisha ni daftari tupu la mwaka mzima. Someni hadharani, kwenye mkutano wa kijiji, malalamiko mangapi yalipokewa, mangapi yalijibiwa kwa wakati, na nini kimebadilika kituoni, bila kumtaja mtu kwa jina. Kila mwaka kaeni tena mpitie kifungu kimoja kimoja: ambacho hakikutekelezwa kitafutiwe sababu, na kama ni ahadi isiyowezekana, iandikwe upya kwa ukweli.

Kazi yote hii haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, kufuli mbili, pazia na vikao vichache vya watu waliokubali kuambiana ukweli. Kamati yenu inapokutana mwezi huu, ombeni ajenda moja iongezwe: kuteua kikosi na kupanga siku ya kutembea njia ya mgonjwa, kutoka langoni mpaka anapoondoka.